Land Rover ya zamani: namna ya kuufanya usukani utii

Dereva anatoka mnadani jioni. Gari lake ni Land Rover 109 ya miaka ya 1970. Ndani wamejaa abiria, juu ya keria kuna magunia, na nyuma wamefungwa mbuzi wawili. Mbele kuna kona kwenye mteremko. Anazungusha usukani kushoto, lakini gari linaendelea kwenda moja kwa moja kwa kitambo kidogo, ndipo linaitika na kugeuka. Dereva amezoea. Anajua gari lake "linacheza stelingi", kwa hiyo huanza kukata kona mapema. Abiria hawana habari.

Kitambo hicho kidogo ndicho mada yetu leo. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa husafiri karibu mita 11 katika kila sekunde. Usukani ukichelewa nusu sekunde tu, gari limeshapita zaidi ya mita 5 kabla halijaanza kugeuka. Kwenye barabara ya mlimani, mita 5 ni nyingi.

Wenye magari haya wakichoshwa na hali hiyo, wengi hufikiria jambo moja: kufunga pawa stelingi. Wengine hununua boksi jipya la stelingi. Fedha inatoka, na usukani unabaki vilevile. Katika makala haya tunaeleza kwa nini inakuwa hivyo, na tunaonyesha utaratibu wa kulitafuta tatizo kuanzia chini kwenye tairi kwenda juu kwa dereva. Sehemu kubwa ya uchunguzi huu inahitaji watu wawili, jeki, na macho.

Gari tunalolizungumzia

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa umma mwaka 1948 kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam, Uholanzi. Toleo la pili, Series II, lilitoka mwaka 1958, likafuatiwa na Series IIA mwaka 1961. Series III ilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi mwaka 1985. Namba 88 na 109 tunazozisikia kila siku ni umbali wa inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma.

Magari haya yote yana springi za majani, na yalitoka kiwandani bila pawa stelingi. Toleo lililofuata, la mwaka 1983, ndilo lililokuja na springi za koili, na tangu mwaka 1990 magari ya ukoo huo yanaitwa Defender. Makala haya yanahusu yale ya majani, yaani Series II, IIA na III.

Huko Ulaya gari kama hili ni la kumbukumbu. Mwenye nalo hulitoa siku ya Jumapili kulipigisha upepo. Kwetu, kwa mfano Longido, Simanjiro na Ngorongoro, gari la umri huohuo bado linabeba wagonjwa, wanafunzi na mahindi. Mwezi Oktoba 2024 Land Rover kwa mamia, mpya na za zamani, zilikusanyika Arusha kwa tamasha lake, na wengi waliokuja na magari ya zamani walikuja wakiyaendesha wenyewe. Kwa hiyo usukani wa gari hili ni jambo la usalama wa watu wengi.

Amri inasafirije kutoka mkononi hadi kwenye tairi?

Ukizungusha usukani, amri yako haifiki kwenye tairi moja kwa moja. Inapita mikono mingi, kama ndoo za maji zinazopokezanwa kutoka kisimani.

Kwanza inashuka kwenye shafti hadi kwenye boksi la stelingi. Ndani ya boksi kuna skrubu kubwa na nati inayotembea juu ya gololi za chuma. Hapo mzunguko wa mkono wako unageuka kuwa msukumo wa mbele na nyuma.

Kutoka kwenye boksi, rodi moja inakwenda mbele hadi kwenye kifaa kinachoitwa rilei. Rilei ni silinda iliyosimama ndani ya boriti ya mbele ya chasisi, karibu na rejeta. Ina mkono mmoja juu na mwingine chini. Ule wa juu unapokea, ule wa chini unatoa.

Kutoka kwenye rilei, rodi ya pili inakwenda hadi kwenye tairi moja la mbele. Kisha rodi ya tatu, ambayo mafundi wengi huiita tairodi, inaliunganisha tairi hilo na tairi la upande wa pili ili yageuke pamoja.

Rodi ni 3, na kila rodi ina boljointi 2 mwishoni. Jumla ni boljointi 6. Ongeza rilei, boksi, kingpini za pande zote mbili, beringi za hab na bushi za springi. Kila kimoja kikilegea kidogo tu, ulegevu wote unajumlishwa na kuletwa kwenye kiganja chako. Ndiyo maana usukani unaweza kucheza sana ingawa hakuna kifaa hata kimoja kilichoharibika kabisa.

Na ndiyo maana pawa stelingi haiponyi mchezo. Pawa stelingi inaongeza nguvu ya kusukuma. Ikiwa boljointi imelegea, utakuwa na nguvu nyingi zaidi ya kuisukuma boljointi iliyolegea.

Kabla ya yote: tofautisha uzito na mchezo

Kuna malalamiko mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni usukani kucheza: unauzungusha na gari haliitiki, au gari linatangatanga barabarani hata kwenye njia iliyonyooka. La pili ni usukani kuwa mzito: gari linaitika, lakini mabega yanauma. Dawa zake hazifanani, kwa hiyo jiulize kwanza gari lako linaumwa nini.

Kama ni uzito, angalia jambo moja lisilo na gharama. Series ina kitufe cha manjano cha kuingizia tairi zote nne, na gia fupi yenye kichwa chekundu. Gari likibaki kwenye nne kwa nne wakati uko barabara ngumu na kavu, tairi za mbele na za nyuma hushindana, na usukani huwa mzito kama umefungwa. Hakikisha gari limetoka kwenye nne kwa nne kabla hujamwita fundi.

Uchunguzi wa watu wawili

Egesha gari mahali pa tambarare, tairi zikitazama mbele. Zima injini, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye tairi za nyuma. Mmoja akae kwenye usukani. Mwingine aingie mbele na chini akiwa na tochi.

Aliyekaa auchezeshe usukani kushoto na kulia kwa mwendo mfupi, pole pole, bila kuzungusha tairi. Aliye chini aanze kuangalia kwa mpangilio huu:

Boksi la stelingi. Je, boksi lenyewe linatikisika mahali lilipofungwa? Kama linatikisika, bolti zimelegea au bamba limepasuka.

Boljointi zote 6, moja baada ya nyingine. Weka kiganja juu ya kiungo ili kiguse pande zote mbili. Kiungo kizima hutembea kama kitu kimoja. Kilicholika utakisikia kinagonga: upande mmoja unaanza kwenda kabla ya mwingine. Angalia vidole visibanwe.

Rilei. Tazama mkono wa juu na wa chini. Ikiwa mkono wa juu unakwenda na wa chini unachelewa, kuna ulegevu katikati. Mara nyingi ni bolti ya kubana mkono ndiyo iliyolegea. Tazama pia kama rilei nzima inatikisika ndani ya boriti. Boriti hiyo huliwa na kutu kutoka ndani, na rilei iliyofungwa kwenye chuma kilichooza haiwezi kutulia.

Sasa inua tairi moja la mbele kwa jeki, na uweke stendi au gogo imara chini ya ekseli. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Shika tairi juu na chini, kama saa 12 na saa 6 kwenye uso wa saa ya mshale. Lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki ya mguu, kisha jaribu tena. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi za hab. Mchezo ukibaki, tatizo ni kingpini. Jaribio hili dogo linaweza kukuepusha na gharama ya kufungua kitu kisichohusika.

Andika kila ulichokikuta. Usinunue kitu bado.

Mpangilio wa kurekebisha: anza chini

Hatua ya 1: Matairi. Anza hapa kwa sababu ni rahisi, na kwa sababu tairi bovu huficha majibu ya hatua zote zinazofuata. Upepo mdogo mbele hufanya usukani kuwa mzito na gari kuyumba. Upepo uliopishana kati ya kushoto na kulia huvuta gari upande mmoja.

Magari haya yalitoka na matairi membamba: 6.00-16 kwa 88 nyingi, na 7.50-16 kwa 109. Anayefunga matairi mapana kwa ajili ya sura anajiongezea uzito mikononi, na anazichosha boljointi mapema. Aina ya tairi nayo ina maana. Matairi ya radiali, ambayo wengi huyaita ya waya, hushika njia vizuri zaidi kwenye lami kuliko yale ya zamani ya nailoni, na mara nyingi mabadiliko hayo pekee hupunguza kutangatanga. Lakini usichanganye waya na nailoni kwenye ekseli moja. Gari litakuwa na tabia mbili.

Hatua ya 2: Springi. Ekseli ya mbele imeshikiliwa na springi peke yake. Yubolti zikilegea, au bushi za springi zikilika, ekseli nzima husogea chini ya gari. Hapo hata ukiwa na boljointi mpya zote, gari litajiendesha lenyewe. Kaza yubolti, tazama kama kuna jani lililovunjika, na tikisa shakoli kwa nondo kuona kama bushi zimekwisha.

Hapa tuseme neno juu ya wanaoongeza shakoli ndefu ili gari linyanyuke. Tazama uma wa mbele wa baiskeli: haukusimama wima, umelala kidogo. Mlalo huo ndio unaoifanya baiskeli inyooke hata ukiachia mikono. Land Rover ya Series nayo ina mlalo huo kwenye kingpini, nyuzi 3 tu. Shakoli ndefu zinaweza kuupunguza. Usukani ukishapoteza mlalo wake, haurudi wenyewe baada ya kona, na gari linatangatanga.

Hatua ya 3: Beringi za hab na kingpini. Beringi za hab hukazwa kwa nati mbili zenye kibati cha kufunga katikati. Kama zimelika, badilisha. Kama zimelegea tu, fundi anaweza kuzirekebisha kwa saa moja au mbili.

Kingpini zinahitaji uangalifu zaidi. Chini kuna beringi, juu kuna bushi, na mbano wake hupangwa kwa vibati vyembamba ambavyo mafundi huviita shimu. Mbano ukiwa mdogo, tairi za mbele huanza kutetemeka kwa nguvu gari likipiga shimo katika mwendo fulani, na usukani huruka mikononi. Mbano ukizidi, usukani unakuwa mzito na haurudi. Kitabu cha gari kinaeleza kupima mbano huo kwa mizani ya kuvuta, ile ya springi inayofanana na ya kupimia mazao. Fundi anayepima ni bora kuliko fundi anayekisia.

Tazama pia zile duara kubwa zinazong'aa nyuma ya tairi. Kama zimeliwa na kutu, sili zitavuja, oili itaisha, na kingpini zitakauka.

Hatua ya 4: Boljointi. Badilisha iliyolika. Kama nyingi zimelika na mfuko unaruhusu, badilisha zote 6 kwa pamoja, kwa sababu zina umri mmoja. Kama hauruhusu, anza na ile iliyolegea zaidi, na usiache hata moja ambayo mpira wake umepasuka, maana vumbi na tope vikishaingia kiungo hakidumu.

Boljointi za upande mmoja wa rodi zina nyuzi za kulia na za upande wa pili zina nyuzi za kushoto. Mwambie muuzaji wazi unayoitaka. Kabla ya kufungua, hesabu nyuzi zinazoonekana au pima urefu wa rodi kutoka katikati ya kiungo hadi katikati ya kingine, uandike. Mpya irudi kwenye urefu uleule. Itolewe kwa pula au kwa kugonga pembeni ya tundu lake, si kwa kupiga ncha yenye nyuzi. Nati ikazwe, na kama ina tundu la kotapini, kotapini iwekwe mpya. Klampu za rodi zikazwe pia. Boljointi ikichomoka njiani, usukani unazunguka bure na hakuna wa kuliongoza gari.

Hatua ya 5: Rilei. Kwa miaka mingi rilei husahaulika kwa sababu haionekani. Ndani yake inahitaji oili. Oili ikiisha, maji huingia, na rilei hushika kutu mpaka usukani unakuwa mzito kama wa lori. Oili hujazwa kwa kufungua bolti za kifuniko cha juu na kumimina pole pole kupitia tundu moja huku lingine likitoa hewa. Kama inavujia chini, sili ya chini imekufa.

Onyo: ndani ya rilei kuna springi yenye nguvu iliyobanwa. Anayeifungua bila kujua hupigwa nayo usoni. Kama rilei imekwisha, njia salama ni kuibadilisha nzima au kuipeleka kwa fundi aliyewahi kuifanya.

Hatua ya 6: Boksi la stelingi. Sasa tu, baada ya hayo yote, ndipo tunafika kwenye boksi. Hakikisha lina oili. Kitabu kinataka oili nzito ya gia, namba 90. Wapo wanaojaza grisi ili lisivuje, lakini grisi nzito husukumwa pembeni na hairudi kwenye gololi.

Ubavuni mwa boksi kuna skrubu ya kurekebisha yenye nati ya kuifunga. Tairi zikitazama mbele, nati hulegezwa, skrubu hukazwa kidogo kidogo mpaka mchezo upungue, kisha nati hufungwa tena. Baada ya hapo zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho, tairi zikiwa hewani. Ukisikia pahali panapobana, umekaza mno. Skrubu hii ndiyo inayokimbiliwa na wengi kwanza, kwa sababu ni rahisi kuifikia. Wanaikaza ili kuficha mchezo wa boljointi, boksi linaliwa ndani, na sasa tatizo ni mawili.

Hatua ya 7: Alaimenti. Kazi ya mwisho ni kupima jinsi tairi za mbele zinavyotazamana. Kwa magari haya, umbali kati ya tairi mbili upande wa mbele uwe mdogo kuliko upande wa nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4. Yaani tairi zinatazamana kidogo sana.

Kama mashine ya alaimenti iko mbali, kipimo cha kwanza kinaweza kufanywa kijijini. Weka alama ya chaki katikati ya kila tairi, upande wa nyuma, kwenye kimo cha katikati ya hab. Pima umbali kati ya alama hizo. Sogeza gari mbele mpaka alama zilezile zifike upande wa mbele kwa kimo kilekile, upime tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo unayoitafuta. Kurekebisha, legeza klampu za tairodi na uizungushe tairodi yenyewe. Kwa kuwa nyuzi zake ni za kulia na za kushoto, rodi inarefuka au kufupika bila kufunguliwa. Ukifika mjini, thibitisha kwenye mashine.

Na pawa stelingi je?

Hatusemi pawa stelingi ni kosa. Kwa dereva aliyeumia bega, kwa gari lililofungwa injini nzito zaidi, au kwa anayegeuza geuza gari siku nzima lenye mzigo, ni msaada mkubwa. Lakini ijulikane ni kazi gani.

Inahitaji pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, mipira ya mgandamizo, chombo cha oili yake, na boksi jingine kabisa, mara nyingi lililotolewa kwenye Land Rover za baadaye. Boksi hilo hufungwa mbele kwenye chasisi, kwa hiyo chasisi hukatwa au kuchomelewa bamba. Bamba hilo ndilo litakalobeba nguvu zote za usukani. Kuchomelea hapo si kazi ya kujifunzia. Na baada ya kubadilisha mfumo wa usukani, gari likaguliwe na mkaguzi wa magari kabla halijabeba abiria.

Kwa hiyo ushauri wetu ni mmoja: fanya hatua 7 kwanza. Baada ya hapo, kama usukani umeacha kucheza lakini bado ni mzito kwako, fikiria pawa stelingi. Ukiifunga kabla, utakuwa umeifunga juu ya boljointi mbovu, na nguvu mpya itazimaliza haraka zaidi.

Kuna kifaa kingine kinachouzwa kama dawa, nacho ni shoki ya usukani. Inapunguza mtikisiko unaotoka kwenye mawe. Lakini ikifungwa ili kunyamazisha tairi zinazotetemeka kwa sababu ya kingpini, inaficha ugonjwa tu. Vivyo hivyo usukani mdogo wa mapambo: unapendeza machoni, lakini kadiri usukani unavyokuwa mdogo ndivyo unavyohitaji nguvu zaidi kuuzungusha.

Mambo matano ya kutofanya

Usichomelee boljointi, mkono wa stelingi wala rodi iliyopinda au kupasuka. Chuma hicho kikishachomwa kinaweza kukatika bila taarifa. Badilisha.

Usifunge kiungo kwa waya au kamba ya mpira ili "ufike nyumbani" ukiwa na abiria. Washushe kwanza.

Usitumie nati kuukuu ya nailoni ambayo imeshalegea. Bei ya nati mpya ni ndogo.

Usibadilishe vitu vingi kwa siku moja bila kujaribu. Ukirekebisha kimoja, endesha, kisha endelea. Hapo utajua ni kipi kilichokuponya.

Usikubali maneno "ndivyo Land Rover zilivyo". Ni kweli usukani wa gari hili hauwezi kuwa kama wa gari dogo la kisasa, na mchezo mdogo wa vidole viwili hivi kwenye ukingo wa usukani ni wa kuvumilika. Lakini ukifika kiganja kizima, gari linaumwa.

Kulijaribu gari

Baada ya kazi, jaribu gari tupu kwenye barabara iliyo wazi, mwendo mdogo. Tazama mambo manne. Je, gari linakwenda wima bila kusahihishwa kila wakati? Baada ya kona, usukani unarudi wenyewe? Ukifunga breki, gari linavuta upande? Na ukipita kwenye matuta ya barabara ya vumbi, usukani unatulia au unaruka?

Baada ya siku chache za kazi, rudi ukague nati zote ulizofungua. Kisha jiwekee desturi: kila unapobadilisha oili ya injini, fanya uchunguzi wa watu wawili. Unachukua dakika 15.

Kwa abiria nao tunasema hili. Ukipanda gari na kumwona dereva anazungusha usukani huku na huku kwenye barabara iliyonyooka, hachezi. Gari ndilo linalocheza, naye analifukuza. Una haki ya kumuuliza, kwa heshima, amelikagua lini.

Land Rover hizi zimedumu miaka 50 na zaidi kwa sababu kila kipande chake kinaweza kufunguliwa, kupimwa na kubadilishwa chini ya mti. Usukani nao ni hivyohivyo. Mtafute mwenzako, chukua tochi, na anzia kwenye tairi.